Ushuru wa Kanja Hulala Embu

Watu wa Kanja huniita Karani, ingawa baraza la serikali ya mitaa lililoniajiri lilifutwa mwaka 2013 pamoja na mengine yote nchini, 175 kwa jumla. Kazi yangu ilikuwa kukaa langoni mwa soko na kitabu cha risiti, kalamu ya buluu, na karatasi ya kaboni ambayo jua likiwaka ilininata vidoleni. Mama akishusha mikungu ya ndizi, namhesabia, namkatia risiti, naye anaikunja mara nne na kuifunga kwenye ncha ya leso. Siku hizi vijana wa kaunti hutembea na kimashine cha mkononi kinachotema kikaratasi chembamba, au wanakupa namba ulipe kwa M-Pesa. Swali la mlipaji halijabadilika, na kwa kuwa nimestaafu na sina mkubwa wa kumwogopa, huletewa mimi: "Karani, hii pesa yetu huenda wapi?"

Jibu fupi ni kwamba inaenda Embu mjini, katika akaunti moja iitwayo Hazina ya Mapato ya Kaunti. Kifungu cha 207 cha Katiba ya 2010 kinataka pesa zote zinazokusanywa na kaunti, au zinazopokewa kwa niaba yake, ziingie humo, isipokuwa zile ambazo sheria imeziondoa. Za Kanja, za Runyenjes, za Siakago, za Kiritiri, zote hukutana humo na kupoteza majina yake. Zikishaingia hazitoki mpaka Bunge la Kaunti lizipitishe kwenye bajeti na Mdhibiti wa Bajeti kule Nairobi atoe idhini. Kwa hiyo mtu akija kwangu akifoka kwamba ushuru wa Kanja umeliwa, humwomba aketi kwanza. Huenda umeliwa, huenda haukuliwa, lakini kisheria ushuru wa Kanja haupo. Upo ushuru wa Kaunti ya Embu uliookotwa Kanja.

Hilo huwashangaza wengi, nami siwalaumu. Tumezoea kudhani kila mji una kapu lake. Kenya ya leo ina ngazi mbili tu za serikali zenye hazina yake: ya taifa, na zile 47 za kaunti. Mji, uwe mkubwa au mdogo, haumo kwenye hesabu. Sheria ya Miji na Maeneo ya Mijini ya mwaka 2011, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, imepanga ngazi kwa idadi ya watu: jiji ni watu 250,000 kwenda juu, manispaa 50,000, mji 10,000, na kituo cha soko 2,000. Manispaa ina bodi na hati yake. Lakini hata bodi hiyo haina mamlaka ya kujitungia kodi, na bajeti yake hupitia mikononi mwa gavana na Bunge la Kaunti. Nakuru ilipotangazwa jiji Desemba 2021, na Eldoret Agosti 2024, watu walicheza ngoma barabarani. Hakuna kifungu chochote cha sheria kilichosema kwamba kwa kuwa sasa ni jiji, Nairobi itaiongezea shilingi hata moja. Ikiwa jiji liko hivyo, soko la mlimani kama letu, chai juu yake na kahawa na ndizi chini yake, lina nini?

Tuanze na mto mkubwa, maana kijito cha soko hakieleweki bila mto.

Mama yule wa ndizi hulipa kodi kubwa zaidi mahali ambapo hapewi risiti ya kuikunja kwenye leso. Akinunua kipande cha sabuni amelipa VAT, asilimia 16. Akiweka salio kwenye simu amelipa tena. Bodaboda iliyombeba na mkungu wake hunywa petroli, na ndani ya kila lita kuna shilingi 25 za tozo la barabara tangu Julai 2024, kutoka 18. Hizo zote huchukuliwa na serikali ya kitaifa. Kifungu cha 209 cha Katiba kimeipa yenyewe pekee kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti ikaachiwa kodi ya ardhi, kodi ya burudani, na ada za huduma inazotoa: leseni ya biashara, ada ya soko, maegesho, machinjio. Kwa maneno mengine, ng'ombe wa maziwa yuko Nairobi, kaunti imepewa kuku.

Na kuku wenyewe hawatagi sawa. Mwaka wa fedha 2023/24 kaunti zote 47 zilikusanya zenyewe takriban shilingi bilioni 59. Nairobi peke yake ilitoa zaidi ya bilioni 10 kati ya hizo, kwa sababu ina magari ya kuegesha, mabango, na majengo ya kutoza kodi ya ardhi, japo kwa miaka mingi iliitoza kwa thamani za mwaka 1980. Huku kwetu ardhi iliyo nyingi ni mashamba ya chai na kahawa, na majengo ya kutozwa ni ploti chache za sokoni. Mwaka huo huo mgao kutoka serikali ya kitaifa ulikuwa bilioni 385. Weka hizo namba mbili kando kwa kando na utaelewa kwa nini magavana hufunga safari kwenda Nairobi mara nyingi kuliko wanavyotembelea masoko.

Mgao huo ndio haki kubwa tuliyoipata mwaka 2010. Katiba inasema zisigawiwe kaunti chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Sasa sikiliza ujanja ulivyofichwa. Asilimia 15 ya mapato ya mwaka gani? Ya hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa, na Bunge letu halina haraka na vitabu vya hesabu. Bajeti ya 2024/25 ilipimwa kwa mapato ya 2020/21, ambayo yalikuwa takriban trilioni 1.57. Ndiyo maana waziri anaweza kusimama na kujigamba kwamba kaunti zimepata karibu asilimia 25. Ni kweli, ya mapato ya zamani. Ukipima kwa yale ya mwaka wenyewe, asilimia hiyo inanywea.

Baada ya fungu la kaunti zote kutengwa, zinagombana zenyewe. Tume ya Ugavi wa Mapato hupendekeza kanuni, Seneti huiamua, na kwa kawaida hudumu miaka 5. Ya kwanza ilitazama idadi ya watu kwa asilimia 45, kiasi sawa kwa kila kaunti asilimia 25, umaskini 20, ukubwa wa eneo 8, na nidhamu ya matumizi 2. Ya tatu ilizua vita. Mwaka 2020 Seneti ilikaa na kuahirisha, ikakaa na kuahirisha, hadi maseneta watatu wakakamatwa na polisi mwezi Agosti, na Septemba ndipo muafaka ukapatikana baada ya Rais kuahidi kuongeza bilioni 50 ili isipatikane kaunti ya kupoteza. Upande wetu wa mlima wimbo ulikuwa mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Mlioimba ukumbukeni, kwa sababu nitaurudia, na sitaurudia kwa kuwasifu.

Embu yetu ilitoka na takriban bilioni 5.1 kati ya bilioni 370 zilizogawiwa kaunti zote mwaka 2021/22. Siku moja wazee wawili na kijana wa duka la dawa za mifugo walinibana nieleze hizo bilioni ni nini. Nikaomba daftari. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 608,599 Embu. Gawa. Inakuja shilingi 8,400 hivi kwa kila mtu kwa mwaka. Gawa tena kwa siku 365: shilingi 23.

"Ishirini na tatu?" akauliza mzee mmoja. "Hiyo ni chai kavu, Karani."

Ndiyo, mzee. Na kwa chai hiyo kavu kaunti inatakiwa iendeshe hospitali na zahanati, ilipe madaktari na wauguzi, ilipe walimu wa chekechea, ipige greda barabara za mashambani, ilete maji, iajiri maafisa wa kilimo, izoe taka, na ijenge choo cha soko. Choo kiko mwisho wa orodha yangu kwa sababu ndipo kilipo kwenye orodha nyingi nilizowahi kuziona, tangu enzi za baraza.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 na kanuni zake zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na maendeleo yasipungue asilimia 30 ya bajeti. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti hutuambia kila mara kwamba kaunti nyingi zimevuka hiyo 35. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, yetu inatii. Asilimia 30 ya bilioni 5.1 ni bilioni moja na nusu. Embu ina wadi 20. Ukigawa sawasawa, bila upendeleo wala fitina, kila wadi ina milioni 77. Toa madeni ya wakandarasi wa miaka iliyopita. Toa mradi mkubwa wa hospitali ambao ni wa wote. Kinachobaki ndicho ambacho Kanja itagombania na vijiji vyote vya wadi yake, vinavyotaka barabara kabla ya soko, na siwezi kusema vimekosea.

Kisha pesa zenyewe hazifiki kwa wakati. Kifungu cha 219 kinataka mgao upelekwe bila kuchelewa kusiko na sababu. Mfuate muuguzi yeyote wa kaunti umuulize kuhusu mshahara wa miezi ya mwisho wa mwaka wa fedha, atakueleza kama kifungu hicho kimewahi kupanda mlima huu. Mwaka 2024 tuliona jambo jingine. Kaunti zilikuwa zimeahidiwa bilioni 400.1. Juni ile vijana wakaingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Rais akakataa kuutia sahihi, na pengo la kodi zilizokosekana likatafutiwa pa kukatwa. Kaunti zikarudishwa hadi bilioni 387.4. Sisemi vijana walikosea, hapana. Nasema tu kwamba mtu wa Kanja ambaye hakuunga wala hakupinga alikatwa naye. Mwaka uliofuata, 2025/26, fungu likapanda hadi bilioni 415.

Kuna wanaoniambia enzi za baraza zilikuwa bora, kwa sababu soko lilikuwa la baraza na baraza lilikuwa karibu. Nilikuwamo, na sitaki uzee unipake asali machoni. Hadithi ya serikali ndogo za nchi hii ni hadithi ya kupewa kazi na kunyang'anywa mfuko. Wakoloni waliunda mabaraza ya wenyeji katikati ya miaka ya 1920, yakaruhusiwa kutoza kodi yao ndogo juu ya kodi ya kibanda, na kwa pesa hiyo wazee wetu walijenga shule. Mwaka 1963 tulipata uhuru tukiwa na majimbo saba, na mji wetu wa Embu ukawa makao ya Jimbo la Mashariki. Kufikia Desemba 1964 majimbo yalikuwa yamekufa, likabaki jina la mkoa. Mwisho wa miaka ya 1960 serikali kuu ikachukua shule za msingi, afya na barabara kutoka kwa mabaraza ya wilaya, na mapema miaka ya 1970 ile kodi ya kichwa iliyoyalisha mabaraza ikafutwa pia. Yakabaki na soko, machinjio na sisi makarani.

Mwisho wa miaka ya 1980 ikaja ada ya huduma, iliyokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi. Mimi mwenyewe nilikatwa. Miaka kumi hivi baadaye ikaondolewa na mahali pake pakaja LATF, iliyotenga asilimia 5 ya kodi ya mapato ya taifa kwa ajili ya mabaraza. Nakumbuka barua ilivyosomwa ofisini na watu wakapiga makofi. Sharti lake lilikuwa jema: baraza lilete hesabu, na liwakutanishe wananchi kila wadi wachague miradi. Mikutano ile tuliiita ya LASDAP. Ilikuwa na kasoro zake, diwani mwenye watu wengi alileta lori, lakini nilimwona mama akisimama na kusema anataka bomba la maji karibu na wauza nyama, na likaandikwa. Pia nilifanya kazi miezi mitatu bila mshahara katika baraza lile. Kwa hiyo anayelia na enzi hizo alie kwa kipimo.

Wenzetu wa nchi za shirikisho wamelishughulikia jambo hili la fungu la miji kwa njia mbalimbali. Ujerumani imezipa manispaa zake fungu la asilimia 15 ya kodi ya mapato inayolipwa na wakazi wake, pamoja na kodi ya biashara zinayoitoza zenyewe. Afrika Kusini, ambayo kama sisi hailipendi sana jina la shirikisho, imeandika kwenye katiba kwamba serikali za mitaa zina haki ya fungu lao la mapato ya taifa, na majiji yake makubwa huongezea kodi ya majengo na faida ya kuuza umeme. Nijeria ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu shida yao ni binamu ya yetu. Kanuni yao hugawa pesa za shirikisho mafungu matatu: asilimia 52.68 serikali kuu, 26.72 majimbo, na 20.60 serikali za mitaa. Nzuri kwenye karatasi. Lakini fungu la mitaa lilipitia akaunti ya pamoja na jimbo, na magavana wengi wakalikalia. Tarehe 11 Julai 2024 Mahakama ya Juu ya Nijeria ikaamua kwamba gavana hana haki ya kushika pesa hizo, zipelekwe moja kwa moja. Sisi hatuwezi hata kwenda mahakamani kudai hivyo, kwa sababu Katiba yetu haikuwapa Kanja, Runyenjes wala Eldoret fungu la kukaliwa.

Nafasi moja iliyopatikana ilitoka nje. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 za mpango wa kusaidia miji, na miji 59 ya kaunti 45, yaani zote isipokuwa Nairobi na Mombasa, ikapata ruzuku za barabara, taa na mifereji. Masharti yalikuwa mji uwe na bodi, hati na mpango. Ukiona manispaa zilivyoundwa mbio mbio mwaka 2018 nchi nzima, usidhani magavana waliota usiku mmoja umuhimu wa miji. Vituo vya soko havikuwa na njia ya kuingia katika mlango huo.

Wengine hudhani suluhu ni kaunti ibuni kodi zaidi. Tuliona mwisho wake mwaka 2024, na sisi ndio tuliokuwa kwenye ncha ya kisu. Mei mwaka huo Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, yale majani ya kutafunwa kama miraa; Kilifi ikafuata, kisha Taita Taveta. Muguka ni wa Embu, hasa kule Mbeere, na kwa familia nyingi ndio karo na mahari. Mahakama Kuu hapa Embu ikasimamisha marufuku, na hatimaye mvutano ukahamia kwenye ushuru: kaunti ya pwani itoze gari la muguka kiasi gani? Katiba ilikuwa imeliona hilo mapema. Kifungu cha 209 kinakataza kaunti kutumia mamlaka yake ya kodi kwa namna ya kuumiza biashara inayovuka mipaka ya kaunti au kuzuia bidhaa kusafiri nchini. Lakini ukuta huo hutulinda na hutufunga pia. Nasi hatuwezi kutoza lori la viazi la Meru tupendavyo ili kujengea Kanja paa.

Basi mimi napendekeza nini? Nimelifikiria hili muda mrefu na maoni yangu ni haya: sehemu ya ada ya soko ibaki sokoni.

Haliwezi kuitwa wazo la kichaa, kwa sababu tayari limekubaliwa mahali pengine. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria inayoruhusu hospitali na vituo vya afya vya umma kubaki na pesa vinazokusanya na kuzitumia papo hapo. Kabla yake, mgonjwa alilipia maabara asubuhi, pesa ikasafiri hadi hazina ya kaunti, na maabara ikakaa bila kemikali ikisubiri bajeti. Watu wa afya walipiga kelele miaka mingi mpaka wakasikilizwa. Kifungu cha 207 chenyewe kiliacha mlango huo wazi: sheria ikisema, pesa inaweza kubaki. Soko nalo ni huduma inayojilipia. Mama analipa ada kwa sababu ya paa, maji, choo, taa na kufagiwa. Asipovipata hivyo, tofauti ya ada hiyo na kodi ni ipi? Katiba inaruhusu kaunti kutoza ada kwa huduma. Neno huduma limo.

Tena ingewasaidia wakusanyaji wenyewe. Nimekaa langoni, najua. Mfanyabiashara anayeona ushuru wake umenunua balbu hulipa bila kukimbizwa. Asiyeona huondoa ndizi zake na kuziuza kando ya barabara nje ya lango, kijana wa kaunti anamfuata, wanavutana mkungu mbele ya watu, na siku hiyo kaunti imekusanya aibu. Enzi zangu nilikuwa nikiwaachia wengine wapite, hasa mama mwenye kikapu kimoja na mtoto mgongoni. Sikuwa nikiliibia baraza. Nilikuwa nikiona haya.

Pingamizi lipo, na lililonitatiza zaidi lilitoka kwa mpwa wangu anayefundisha upande wa Siakago, kule Mbeere. "Mjomba," aliniambia, "Kanja mna mvua, mna chai na ndizi. Mkibaki na ushuru wenu, soko letu la mbuzi litapata nini mwaka wa ukame?" Nilitafuta jibu nikalikosa palepale. Hazina moja ya kaunti iliundwa kwa sababu hiyo: aliyenacho ambebe asiyenacho. Na hapa ndipo wimbo wa shilingi moja unapotugeuka. Mwaka 2020 tulipowaambia watu wa Wajir na Mandera kwamba pesa zifuate watu, tulikuwa tukisema ambacho Siakago wangekiogopa kutoka kwetu. Huwezi kudai usawa ukiwa na Nairobi na kudai chako ni chako ukiwa na Mbeere.

Kwa hiyo siombi yote. Naomba theluthi moja. Theluthi ya ada za kila soko ibaki kwenye akaunti ya soko hilo, isimamiwe na kamati iliyochaguliwa na wafanyabiashara pamoja na msimamizi wa kaunti, hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi, na zitumike kwa matengenezo tu: bomba, balbu, bati lililopeperuka, mfagiaji. Theluthi mbili ziendelee kwenda Embu zikawasaidie wa Siakago, na miradi mikubwa iendelee kupitia bajeti. Bunge la Kaunti linaweza kulianzisha hili kwa sheria yake, mawakili wakishalipima dhidi ya Katiba na sheria ya fedha za umma. Nimemwandikia MCA wetu, mjumbe wa wadi katika Bunge la Kaunti, barua ya kurasa mbili. Amesema ataisoma.

Hadi wakati huo, njia iliyopo ni kujua bajeti inatengenezwa lini, kwa sababu wengi wetu hufika wakati chungu kimeshaepuliwa. Kufikia tarehe 1 Septemba kaunti hupeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka, na mradi usiokuwemo humo ni vigumu kupata pesa baadaye. Kufikia tarehe 28 Februari hutolewa waraka wa sera ya fedha, unaosema kila idara itapata kiasi gani. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti huwa yamefika Bunge la Kaunti, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Baadaye huja Mswada wa Fedha wa kaunti, ambao ndio huweka viwango vya leseni na ada za soko. Katika kila mojawapo ya hatua hizo Katiba inataka wananchi washirikishwe, na vikao hutangazwa magazetini na kwenye ofisi za wadi, mara nyingi kwa tangazo dogo na kwa muda mfupi. Usisubiri kualikwa kwa kadi.

Ukienda, usiende na malalamiko ya jumla kwamba serikali imetusahau. Hayo wameyasikia. Uliza mstari gani wa bajeti ni wa soko lenu, umepewa shilingi ngapi, na soko hilo liliingiza shilingi ngapi mwaka uliopita. Omba majibu kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari. Mwende kumi, pamoja na mama wa ndizi, kwa sababu ndiye mlipaji na hakuna afisa atakayemwambia haelewi ushuru. Na wewe uliye Runyenjes, Manyatta, Chuka au Nkubu, usidhani hili ni la Kanja peke yake. Soko lako pia halina hazina.